Magoti ya Bwana Mdogo

Kila jioni ilikuwa hivyo hivyo. Baba Shuka akirudi kutoka karakana, hata viatu hajavua, anapitiliza moja kwa moja mpaka uani, anapiga goti mbele ya farasi na kuanza kumpapasa magoti. Anapapasa kwa viganja viwili, taratibu, macho kayafumba, kama mzazi anayemgusa mtoto aone kama ana homa. Goti la kushoto, goti la kulia, kisha anarudia la kushoto. Akimaliza anashusha pumzi na kutamka neno lake lile lile.

"Bado."

Na mkewe, aliyeketi juu ya beseni lililopinduliwa huku miguu yake imo ndani ya ndoo ya maji ya moto, humwitikia, "Haya." Angesema nini tena? Mtu aliyechoka mpaka ulimi hana nguvu za kubishana na mwenye uhakika. Anaitikia haya, maji yanapoa, anaenda kupika.

Mtaa mzima ulimwita Mama Shuka kwa sababu ndiye aliyefua shuka za nyumba ya wageni iliyoko juu kilimani. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye jina lake zuri tu alilopewa na wazazi wake, akajikuta naye anaitwa Baba Shuka. Alilikataa jina hilo, akanuna, akagombana na watu wawili watatu, mwisho akachoka akaitika. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa huko mbali. Nyumbani walibaki wao wawili, kamba za kuanikia, pasi ya mkaa na huyo farasi.

Farasi mwenyewe usimdhanie farasi wa kutisha. Ni wa ile mbegu ya farasi wafupi, kimo chake kama meza ya kulia chakula, tumbo la mviringo, nywele za kipaji zimemwangukia machoni kama mtu aliyekosa hela ya kinyozi. Wapita njia walipomwona walikuwa wakiuliza atakua lini. Ameshakua, jamani! Kimo ndicho hicho. Walimwita Bwana Mdogo kwa sababu alizaliwa na majivuno yake, na mpaka leo hajapunguza. Ila kwa wanyama hawa kimo kinatangulia na mifupa inafuata nyuma, na ugomvi wote wa nyumba ile ulikuwa hapo.

Tusimlaumu Baba Shuka bure. Yeye alizaliwa katika ukoo wa wafuga farasi wadogo, baba na babu, na alipokuwa kijana walikuwa na farasi mmoja aitwaye Tajiri. Kaka yake alimfunga Tajiri kwenye mkokoteni kabla hajafikisha hata miaka miwili, akamtwisha mchanga wa ujenzi, tena akimsifia: mnamwona anavyovuta? Alivuta kweli. Alivuta bila kulalamika, maana farasi wa aina hii hana tabia ya kulalamika. Haukupita muda mrefu magoti yakavimba kama vitunguu, na siku ilifika akalala chini akashindwa kuinuka. Aliyemshika kichwa wakati wa sindano ya mwisho ni huyu huyu Baba Shuka. Tangu hapo aliapa kwamba farasi wake hatawekewa mkokoteni mpaka yeye mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, aridhike na magoti.

Zamani aliyekuwa akivuta shuka ni mama yake Bwana Mdogo. Yule alikufa ghafla kwa tumbo, mvua ikinyesha, mtoto wake kaachishwa kunyonya juzijuzi. Pesa za kununua mwingine hazikuwepo, na nyumba ya wageni haikusubiri mtu: shuka safi ziwe zimefika asubuhi, wakati Baba Shuka yuko karakana na miwani yake myeusi. Basi Mama Shuka, mdomo wake ulimponza. Walikuwa wamekaa hapo hapo uani, mume kashika tama, yeye akamwonea huruma akasema, "Usijali bwana, mkokoteni nitauvuta mwenyewe. Si mpaka huyu akue tu? Tena mzigo wenyewe mwepesi."

Mwepesi! Shuka za nyumba nzima, mataulo, foronya, na vile vitambaa vizito vya mezani ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvitazama. Na kilima kile kinaanza taratibu kikikudanganya, halafu kinakukabidhi kona.

Basi akawa anauvuta. Alishika mikono ya mkokoteni, mkanda kifuani, akainamisha kichwa akaenda. Bwana Mdogo asingekubali kubaki nyumbani. Siku ya kwanza walipomwacha alilia na kupiga mlango mateke mpaka majirani wakaja kushtaki. Kwa hiyo Mama Shuka alimfunga kamba ndefu nyuma ya mkokoteni, awe anafuata. Mume aliposikia alifurahi. "Vizuri sana," alisema. "Azoee mlio wa magurudumu. Huko ndiko kufundishwa kwenyewe."

Fikiria sasa picha hiyo: mama mtu mzima yuko mbele anavuta, farasi yuko nyuma anatembea mikono mitupu, kama mwenye mali anayekagua kazi. Mtaa ulipata cha kucheka kwa msimu mzima. Mwenye duka wa pale mwanzo wa kilima hakuchoka kuuliza, "Mama Shuka, hebu nieleweshe, kati yenu nani anamfuga mwenzake?" Naye Mama Shuka alikuwa akijibu, "Ananifuga yeye, lakini chakula natafuta mwenyewe," watu wakaangua kicheko, na yeye alicheka nao. Kicheko kile kilimpa nafasi ya kuweka mikono ya mkokoteni chini.

Jioni mume aliuliza, "Vipi leo mzigo?"

"Mwepesi tu."

Alijikaza kisabuni, kama wanavyosema, na kweli sabuni ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hakuwa anamdanganya kwa ubaya. Kwanza alikuwa amesema kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye ni mtu wa kufa na tai shingoni. Pili, kila alipotaka kusema, alimwona mumewe amepiga goti pale uani, macho kayafumba, na alijua anamgusa Tajiri. Utamwambia nini mtu kama huyo? Kwa hiyo alinyamaza, mwaka ukaisha, ukaingia mwingine. Asubuhi alianza kushuka kitandani kwa mafungu: kwanza mguu mmoja, anasubiri, ndipo wa pili.

Bwana Mdogo alipotimiza miaka mitatu, daktari wa mifugo alipita kuchanja wanyama wa mtaa. Mama Shuka ndiye aliyemwomba amtazame farasi. Daktari alimkunja miguu, akamnyoosha, akamkimbiza uani huku na huku, akasimama na kufuta mikono.

"Magoti yamefunga, mifupa imekomaa," alisema. "Mwanzisheni. Mkokoteni mtupu kwanza, halafu mzigo mdogo, muongeze kidogo kidogo. Akifika miaka minne atakuwa fundi."

Baba Shuka alikunja uso. "Daktari, hata yule wa kaka yangu tuliambiwa ameiva."

"Aliyewaambia alikuwa daktari?"

"Alikuwa kaka yangu."

"Basi sawa," alisema daktari, akafunga begi lake. Alipokuwa anatoka alimtupia jicho mama mwenye nyumba. "Na wewe mama, mbona unachechemea?"

"Kiatu tu, daktari. Kinanibana."

Alikuwa amevaa ndala.

Jioni ile, mume alipokwisha kusema bado yake, Mama Shuka alipiga moyo konde. "Mume wangu, mjaribu basi. Daktari kasema."

"Daktari kamwona siku moja. Mimi namgusa kila siku." Akamgeukia. "Na wewe haraka yote hii ya nini? Si wewe mwenyewe unasema mzigo mwepesi?"

Hapo alinaswa. Maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyomziba, akabaki anazungusha vidole vya miguu ndani ya ndoo. Lakini labda mumewe aliona kitu, au labda alichoka naye kusema bado, kwa sababu hatimaye alikubali nusu. Alianza kumtoa Bwana Mdogo jioni kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba. Alimvisha mikanda, akashika hatamu ndefu, akawa anatembea nyuma yake bila mkokoteni: twende, simama, kushoto, kulia, rudi nyuma. Farasi alielewa upesi mpaka watoto wa uwanjani wakampigia makofi. Baba Shuka alirudi nyumbani usoni kakunjuka, ila akajizuia haraka, kama mtu aliyejikuta anacheka msibani.

Mwishowe alitoa hukumu. "Jumapili tutamfunga mkokoteni mtupu, mpaka nyumba ya wageni na kurudi. Akifika vizuri, anaanza kazi. Akionyesha kuchoka njiani, tunangoja mwaka mwingine mzima, na maneno haya yaishe."

"Yaishe," alisema Mama Shuka. Usiku ule aliomba dua ambayo hakuwahi kuiomba hata kwa watoto wake.

Jumapili asubuhi walitoka. Mume alishika hatamu, anatembea kando ya gurudumu la kushoto, na mke yuko upande wa kulia, mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi mikono hiyo. Bwana Mdogo alivuta kama aliyezaliwa ndani ya mkokoteni, masikio mbele, kwato zinapiga lami tarakata tarakata. Mama Shuka alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho, akamwona anajizuia kutabasamu.

Walipofika dukani, farasi alisimama.

"Leo farasi kafungwa na mama kafunguliwa!" alipiga kelele mwenye duka. "Hatimaye mambo yamekaa sawa!"

"Twende," alisema Baba Shuka. Farasi hakujongea. "Twende, bwana we!" Wapi. Alisimama tu, kichwa kainamisha, anapumua. Akamgeukia mkewe. "Umemzoesha sukari hapa?"

"Labda mwenye duka humpa," alisema Mama Shuka.

Mara Bwana Mdogo akaondoka mwenyewe, bila kuambiwa. Wakashangaa, wakamfuata. Hawakufika mbali, pale kwenye bomba la maji akasimama tena. Baba Shuka alimpa maji kwa kiganja, farasi akageuza pua. Hana kiu. Akakaa kidogo, akaondoka. Kwenye ukuta wa shule alisogea kabisa kando ya barabara, karibu aguse ukuta, akasimama mara ya tatu.

Hapo ndipo Mama Shuka alipoelewa, na damu ikampanda usoni kwa aibu. Alishika mkanda wa farasi akauvuta. "Twende! Twende, baba, usinifanyie hivi." Alimnong'oneza sikioni kama anayembembeleza mtoto asiseme siri mbele ya wageni. Bwana Mdogo alimtazama kupitia nywele zake, akabaki pale pale. Mambo haya wameyafanya pamoja kila siku ya kazi, leo haraka ya nini?

Baba Shuka alikuwa anampapasa farasi kifuani. "Hana jasho," alisema polepole. Ile nuru ya asubuhi ilishamtoka usoni. "Hana jasho, hahemi, lakini anasimama. Farasi wa aina hii hasimami bure. Kuna kinachomuuma ndani anachotuficha. Tajiri alianza hivi hivi."

"Hapana, huyu..."

"Mimi nawajua hawa. Wanaumia wamenyamaza."

Mkewe alitazama pembeni.

Mbele ya gereji, pale penye jiwe, Bwana Mdogo aliposimama mara ya nne, Baba Shuka hakusema twende. Aliweka hatamu begani, akainama na kuanza kufungua mikanda. "Yameisha," alisema. "Mshike wewe. Mkokoteni nitaurudisha mwenyewe. Mwakani, tukijaliwa."

Mwakani. Mama Shuka aliliona neno hilo lote kwa urefu wake: asubuhi zake zote, kona zake, mvua zake, na mkanda kifuani. Akaketi juu ya lile jiwe. Jiwe lilikuwa laini, limeng'aa juu kwa kukaliwa. Angeweza kunyamaza. Alishanyamaza sana, alikuwa mzoefu.

"Usimfungue," alisema.

"Mke wangu, acha ubishi, mnyama kachoka."

"Hajachoka huyo. Nimechoka mimi."

Baba Shuka aliinua kichwa.

"Anayesimama hapa ni mimi," alisema, na sauti ikaanza kumkatika, akaiacha ikatike. "Pale dukani naweka mkokoteni chini vidole vinyooke. Bombani nanawa uso, kiu sina. Pale shuleni naegemea ukuta mpaka kiuno kiache kuwaka. Hapa nakaa, jiwe hili ni langu, waulize mafundi wa gereji. Yeye yuko nyuma yangu siku zote, ataacha kujua? Anadhani kazi yenyewe ndiyo hii. Anadhani kila avutaye mkokoteni lazima asimame hapa."

"Unamtetea tu ili aanze."

"Basi funga mikanda twende. Kabla ya kona kuna nguzo ya umeme ina tangazo la chumba cha kupanga. Atasimama upande wa kivuli. Ukipita kona, kwenye mfereji, atasimama mara mbili, na ile ya pili atakaa sana. Halafu kabla ya geti. Asiposimama huko mfungue, nami mwakani nitavuta na sitafungua mdomo."

Mume alifunga mikanda, wakaenda. Kwenye nguzo ya umeme Bwana Mdogo alisimama, upande wa kivuli. Kwenye mfereji alisimama, akaondoka, akasimama tena. Mara hii ya pili walingoja. Baba Shuka alitazama kilima walichopanda, akatazama kilichobaki, akatazama farasi asiye na tone la jasho. Gari lilipita, mtu wa baiskeli akapita, wao bado wamesimama.

"Muda wote huu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kuna siku nakaa zaidi. Yeye huja kunisukuma mgongoni kwa pua."

Kabla ya geti, nyuma ya ua wa michongoma ambapo mlinzi hawezi kumwona mtu, farasi alisimama kwa mara ya mwisho.

"Na hapa?"

"Hapa nafuta uso na kufunga kitambaa vizuri. Nisije nikaonekana nimezeeka, wakatafuta mwingine."

Baba Shuka aliukazia macho mkokoteni. "Kesho anaanza," alisema. "Mzigo nusu. Nusu nyingine nitaileta mimi alfajiri kabla ya karakana, mpaka atimize miaka minne. Wewe hushiki tena mikono ya mkokoteni huu."

"Sawa," alisema Mama Shuka. Alidhani angefurahi. Alisikia usingizi tu.

Ndipo mumewe, pale pale barabarani, mchana kweupe, akapiga goti mbele yake. Alimwekea viganja kwenye magoti, juu ya kitambaa cha kanga, akafumba macho. Goti la kushoto, goti la kulia, akarudia la kushoto. Mama Shuka alitaka kumwambia inuka, watu watatuona, lakini mikono ilikuwa na joto na hakuna aliyewahi kumgusa hapo kwa namna ile. Alingoja. Aliona mabega ya mumewe yanashuka.

"Vipi?" aliuliza. "Bado?"

Baba Shuka hakuyaachia magoti. Hakuinua hata uso. Muda wa kupumzika hapo ulikuwa umekwisha, na Bwana Mdogo, aliyeujua kuliko wao wote wawili, akaondoka mwenyewe na mkokoteni wake kuelekea getini. Ikabidi wasaidiane kuinuka, wamfuate.